Linki ya baharini inakata maji yakipwa: je, tupandishe mnara?

"Shikamoo mtaalamu. Nasimamia intaneti ya zahanati na shule ya sekondari hapa kisiwani. Tunaipata kwa linki ya mikrowevu ya 5.8 GHz kutoka bara, kilometa 22, karibu yote juu ya bahari. Dishi ni za sentimita 60 pande zote mbili. Bara dishi liko mita 40 juu ya usawa wa bahari kwa sababu mnara uko kilimani. Kwetu liko mita 20 juu ya usawa wa bahari, yaani mita 16 kutoka ardhini. Kwa kawaida redio inasoma nguvu inayopokewa kati ya −53 na −60 dBm. Ila kuna vipindi vya siku nne au tano ambapo inaporomoka hadi −79 na linki inakata saa nzima au zaidi, asubuhi kwenye saa nne na usiku kwenye saa nne. Kesho yake inakata tena, ila inachelewa kidogo. Halafu tunakaa siku tisa au kumi bila tatizo. Fundi kwanza alisema ni jua, baadaye akasema kuna mtu anatuingilia. Sasa anataka tuongeze vipande viwili vya mita 3 kwenye mnara na tupandishe nguvu ya redio. Fedha ya kamati ni ya mara moja tu. Tupandishe?"

Marahaba. Hivyo vipande viwili visinunuliwe kwanza. Kwa vipimo ulivyonipa, mita 6 za ziada zitaifanya linki iyumbe siku nyingi zaidi kuliko sasa. Dawa ninayoiona mimi iko upande wa pili: dishi la kisiwani lishuke. Najua linasikika kama mzaha, maana kila aliyewahi kufunga antena amefundishwa kwamba juu ndiko kuzuri. Nchi kavu, penye miti na mapaa, mara nyingi ni kweli. Baharini kuna hesabu nyingine.

Tuanze na hizo saa zako, kwa sababu jibu karibu lote limo humo. Jua halichelewi kila siku. Mtu anayeingilia chaneli yako hafuati mwezi. Pwani kwetu kitu kinachorudi mara mbili kwa siku, kila siku kikisogea mbele kwa kama dakika 50, kikawa kikali siku chache kisha kikapoa, ni maji. Muulize mvuvi yeyote hapo kisiwani: siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku hizo tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Siku za maji mafu hubaki kama mita moja tu. Linki yako inakata bamvua ikipwa, na inatulia maji yakiwa mafu.

Usiniamini kwa maneno matupu, lipime. Tafuta jedwali la maji la bandari iliyo karibu nanyi. Kwa siku 15 andika kiwango ambacho redio inapokea kila baada ya dakika kumi kama redio inaweza kujihifadhia kumbukumbu, au kila nusu saa kwenye daftari kama haiwezi. Chora mistari miwili, maji na kiwango cha redio, kwenye karatasi moja. Ikiwa mabonde ya mistari yote miwili yanaangukia saa zilezile, mjadala wa jua na waingiliaji umekwisha. Angalia pia jambo moja dogo ambalo mafundi wengi hulipita: redio nyingi za 5.8 GHz zina njia mbili, ya wima na ya mlalo, na kila moja ina namba yake. Zikishuka pamoja, tatizo liko angani. Ikishuka moja na nyingine ikabaki palepale, kuna kiungio kimeingia maji ya chumvi, na hiyo ni kazi ya nusu saa yenye spana, kiungio kipya na utepe wa mpira wa kuzuia maji.

Sasa kwa nini bahari inafanya hivi. Mawimbi ya redio yanayotoka bara yanafika kwako kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja, dishi kwa dishi. Ya pili inashuka, inagonga uso wa bahari, inadunda na kuingia kwenye dishi lako ikiwa imechelewa kidogo. Kwa urefu wa dishi zenu, mahali pa kudundia ni kama kilometa 14 kutoka bara na 8 kutoka kwenu, na miale inagusa maji kwa pembe ndogo mno, kama sehemu moja ya kumi ya digrii. Kwa pembe hiyo bahari ni kioo. Hata ikichafuka kidogo bado ni kioo: kwa masafa yenu na pembe hiyo, uso unaanza kuhesabika kuwa wenye makorongo pale mawimbi ya bahari yanapokaribia mita 3. Kwa hiyo usitegemee upepo wa kusi ukuokoe.

Mwali unaodunda hutoka umegeuzwa juu chini. Hapo ndipo penye mtego. Ikiwa njia yake ni ndefu kuliko ile ya moja kwa moja kwa nusu ya urefu wa wimbi, unafika ukiwa umelingana na mwenzake, vinajumlishana, nawe unapata hadi desibeli 6 za nguvu ya bure. Ikiwa ni ndefu kwa urefu mzima wa wimbi, vinafutana. Kwenye 5.8 GHz urefu wa wimbi ni sentimita 5.2. Maana yake ni kwamba kati ya neema na kilio kuna sentimita mbili na nusu za tofauti ya njia, katika safari ya kilometa 22.

Nimepiga hesabu kwa vipimo vyako, nikizingatia mviringo wa dunia na jinsi hewa ya kawaida inavyoyapinda mawimbi kidogo kuelekea chini. Maji yakiwa katikati, njia ya kudunda ni ndefu kwa sentimita 4.2, na unapata kama desibeli moja juu ya kawaida. Bamvua ikijaa, maji yakipanda mita 2 juu ya usawa wa wastani, tofauti inashuka hadi sentimita 3.4 na unapata karibu desibeli 5 za ziada. Bamvua ikipwa, maji yakishuka mita 2, dishi zote mbili zinakuwa kama zimepanda mita 2 juu ya kioo, tofauti inafika sentimita 5.05, karibu kabisa na urefu mzima wa wimbi, na unapoteza kama desibeli 17. Hesabu ya linki yenu bila bahari ingetoa kama −58. Ongeza 5 unapata −53. Toa 17 unapata −75, na hewa ikibadilika kidogo tu unaingia shimoni zaidi. Hizo ndizo namba ulizoniandikia.

Ukiongeza mita 6, dishi lako linakuwa mita 26. Shimo halifutiki, linahama. Badala ya kukaa kwenye kupwa kwa bamvua, linahamia mahali ambapo maji yako kama mita moja na nusu juu ya usawa wa wastani. Isipokuwa siku za maji mafu, maji hupita usawa huo mara nne kwa siku, mbili yakijaa na mbili yakipwa. Mtakuwa mmelipia chuma, saruji na nyaya mpya za kushikilia mnara ili mpate ubovu unaokuja mara nyingi zaidi. Fundi wako hana nia mbaya. Amezoea linki za nchi kavu, na hakuna aliyemfundisha kutazama maji.

Ukiteremsha dishi la kisiwani mpaka mita 10 juu ya usawa wa bahari, yaani mita 6 kutoka ardhini, mahali pa kudundia panasogea karibu nanyi, kama kilometa 5 na nusu, na tofauti ya njia inapungua sana. Bamvua ikipwa inakuwa kama sentimita 2.4, karibu nusu ya urefu wa wimbi, na hapo unapata desibeli 6 za bure saa ileile uliyokuwa unakata. Bamvua ikijaa unabaki na karibu desibeli 3 za ziada. Kutoka kujaa hadi kupwa hakuna shimo njiani. Mafundi wa linki za baharini wanaijua mbinu hii ya zamani: upande mmoja juu, upande mwingine chini. Inafanya kazi vizuri zaidi pale mahali pa kudundia panaposogea hadi kuangukia nchi kavu au mikoko. Kwako haifiki huko, lakini imetosha.

Utaniuliza, je, bahari haitatuziba? Swali la haki. Mawimbi hayapiti kama uzi. Yanahitaji nafasi ya kuuzunguka mstari wa dishi kwa dishi, na kanuni ya kazi ni kwamba angalau asilimia 60 ya nafasi hiyo, iitwayo eneo la kwanza la Fresnel, iwe wazi. Kilometa 18 kutoka bara, ambapo mstari wako mpya unakaribia maji, eneo hilo lina nusu kipenyo cha mita 13, kwa hiyo unahitaji kama mita 8. Bamvua ikiwa imejaa kabisa, ukishatoa kibiongo cha dunia, unabaki na mita 9. Inapita, ingawa kwa nafasi ndogo. Zipo saa chache ambapo hewa inayapinda mawimbi kinyume na kawaida na bahari inakuwa kama imeinuka. Saa hizo utapoteza desibeli kadhaa, na desibeli kadhaa unazo za kupoteza. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni minazi. Dishi la mita 6 kutoka ardhini likitazama kupitia shamba la minazi, namba zote nilizokupigia hesabu hazina maana. Simama pale pale dishi litakapokaa, macho yakiwa usawa wake, na utazame bahari. Usione kuti hata moja, wala mlingoti wa mashua iliyofungwa gatini. Kama kuna minazi, hamishia dishi kwenye paa la jengo lililo ufukweni na uvute waya wa mtandao hadi zahanati, mradi usizidi mita 100 za waya wa shaba.

Kabla ya kuhamisha chochote kuna jaribio lisilo na gharama. Kama chaneli yenu iko kwenye 5800 MHz, iteremshe hadi jirani ya 5500, mradi redio na masharti ya mamlaka ya mawasiliano nchini kwenu yanaruhusu. Hapo wimbi linakuwa refu kidogo, sentimita 5.45, na ile tofauti ya sentimita 5.05 haiwi tena urefu mzima wa wimbi. Kwenye kupwa kwa bamvua utapoteza kama desibeli 7 badala ya 17. Huenda hilo peke yake likawazuia kukata huku mkijipanga, na likifanikiwa ni ushahidi mwingine kwamba mnapambana na bahari. Fahamu tu kwamba kwenye masafa hayo redio hulazimika kusikiliza rada na kuhama chaneli ikiisikia, kwa hiyo ukiona linki imezima dakika moja bila sababu, angalia kumbukumbu zake kwanza.

Mambo mengine mliyoambiwa au mtakayoambiwa niyapitie haraka. Kupandisha nguvu ya redio hakuondoi shimo, kwa sababu mwali wa moja kwa moja na ule unaodunda hupanda pamoja na kuendelea kufutana, tena mnaweza kuvuka kiwango kinachoruhusiwa kisheria. Dishi kubwa halitabagua miale hiyo miwili: inapotoka bara inaachana kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii, wakati dishi la sentimita 60 linaona upana wa digrii 6 na la mita 1.2 linaona kama 3. Kuhamia masafa ya leseni kuna faida zake dhidi ya waingiliaji, ila kioo ni kilekile, na masafa yakipanda urefu wa wimbi unafupika, kwa hiyo mashimo yanaongezeka. Kubadili wima kwa mlalo, kwa pembe ndogo hivi, tofauti yake ni ndogo mno. Mvua kwenye 5.8 GHz ni ya kupuuzwa. Ingekuwa linki ya 23 GHz tungezungumza lugha nyingine.

Kazi yenyewe ifanyike siku ya bamvua, maji yakiwa yanapwa, kwa sababu ndiyo saa mbaya kuliko zote na ndiyo inayosema kweli. Funga bomba la muda lenye alama kila mita moja. Kama mna redio ya akiba itumieni hiyo, zahanati isikae gizani. Anza na mita 10 kutoka ardhini, lenga dishi kwa utulivu mpaka namba isipande tena, andika. Shuka mita moja, lenga tena, andika. Endelea mpaka mita 5. Utaona namba zikipanda kisha kuanza kulegea. Usishangae kilele kikiwa mita moja au mbili pembeni ya hesabu yangu: urefu uliosomwa kwenye simu kwa setilaiti huweza kukosea mita kadhaa, nami nimetumia urefu ulionipa. Rudia kusoma bamvua hiyohiyo ikijaa, kama saa sita baadaye. Chagua urefu ambao namba mbaya kati ya hizo mbili ni nzuri kuliko kwingine kote, hata kama si wenye kilele kirefu. Watu wengi hukosea hapa: wanafunga palipo na namba kubwa saa ile, wanashuka, wanaondoka.

Kiungio cha nje kifungwe kwa utepe unaojishika wenyewe kisha utepe mweusi juu yake, na waya uachiwe kitanzi cha kudondoshea maji kabla ya kuingia ndani. Pwani chumvi hula boliti za kawaida haraka, kwa hiyo nunua za chuma kisichoshika kutu au zilizopakwa zinki kwa moto.

Kuna sehemu ambazo hazifai kufanywa kwa kusoma majibu kama haya. Kupanda mnara wa mita 18 uliokaa chumvini ni kazi ya mpandaji aliyefunzwa, mwenye mkanda wa mwili mzima na kamba mbili, tena baada ya kukagua nyaya za kushikilia na nanga zake. Ukiona kutu inayobanduka kwa ukucha kwenye maungio ya mnara, asipande mtu, mwiteni mhandisi wa minara. Vivyo hivyo kwa waya wa radi: kama hamjui ukinzani wa nyaya zenu za ardhini, mtafuteni mwenye kipimo chake aje apime, kwa sababu dishi jipya kwenye paa la zahanati ni njia mpya ya radi kuingia penye friji ya chanjo. Na kama mchoro wa siku 15 hautafuata maji, nisamehe, hesabu yangu yote haikuhusu, na hapo mlete mtu mwenye kichambuzi cha masafa.

Hakuna urefu unaoshinda kila hali ya hewa. Usiku wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na joto limelala juu ya maji, hewa huweza kuyapinda mawimbi kuliko kawaida na dunia ikaonekana bapa kwa redio. Kwa dishi la mita 10, hali hiyo ikikutana na bamvua iliyopwa, nakadiria mtapoteza kama desibeli 3, ambazo linki yenu inazimudu. Kwa dishi la mita 15, ambalo kwenye maji peke yake lingefanya vizuri pia, usiku huohuo lingetua shimoni maji yakikaribia usawa wa wastani, na ndiyo sababu sikukushauri uishie nusu ya njia.

Kama baada ya kushusha bado mnakata usiku mmoja mmoja bila kufuata maji, fedha ya kamati iende kwenye linki ya pili, sambamba: redio mbili mpya, kwenu dishi la pili kwenye mita 20 za sasa na lile la kwanza libaki chini, bara yote mawili karibu na mita 40, chaneli zikitengana angalau MHz 60, na ruta ikihamisha yenyewe kutoka moja hadi nyingine. Saa ambazo moja imo shimoni, nyingine huwa kileleni au karibu nacho. Usiliondoe kwa hiyo bano la juu linaloshikilia dishi sasa, siku mtakapolishusha. Lipakeni grisi na mliache palepale.